Madigadi ya Kushoto

Bwaise, Kampala
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa ndugu yangu mdogo Odera,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji yangu Nakhisa na kwa watoto wote, wakubwa na wadogo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikimsumbua Nakhisa wakati wa baridi kimepoa. Sisi huku tuko. Shemeji yako Celestine ni mzima, bado anauza samaki wakavu soko la Bukoto, na ulimi wake ni uleule unaoujua. Mimi nimechoka. Sisemi hivyo ili unionee huruma. Nasema ili ujue ni mtu wa namna gani anayekuandikia, maana tangu tuonane nimebadilika.

Naandika kwa Kiswahili ili Nakhisa aweze kukusomea. Wewe na kitabu mliachana mapema, na mimi sikukupita kwa mbali. Nakuomba shemeji, ukisoma usiruke mahali, hata pale patakapokukasirisha. Soma yote, na umsomee akiwa amekaa.

Dada yetu Awiti, uliyemtuma, alifika salama. Amelala kwetu siku hizi zote, na kesho asubuhi ndiye atakayeibeba barua hii. Alinifikishia maneno yako jinsi ulivyompa, hakuyapunguza makali. Na yale niliyoyakosa, Celestine alinirudia. Umesema nimekukalia shingoni. Umesema kijana wako wa kwanza amekuwa mwanaume, anataka kuoa, na bado mnabanana naye katika boma la baba kwa sababu wewe huwezi kutoka ukafungua boma lako kabla mimi mkubwa sijatoka nikafungua langu. Umesema ukinipigia simu sishiki, na nikishika nakata. Umesema kama sitakuja kabla ya mvua za vuli, utaniruka, utajenga, na chira, ile laana ya kuvunja mwiko, ikija ije, ila itajua mlango wa kubisha.

Najua Nakhisa hataki uniruke. Awiti amesema analia usiku akifikiria watoto. Basi nisikilizeni kwanza.

Nianze na kazi, kwa sababu kila kitu kimetokea huko. Bado niko gereji kwa Hajji Sadik, yule Mnubi niliyewahi kukueleza. Gereji iko bondeni, karibu na mtaro, na mvua kubwa ikinyesha maji yanaingia bila kubisha hodi. Tunapandisha mitungi ya gesi juu ya meza, tunasubiri, maji yakitoka tunafagia matope na taka za watu wote wa mlimani, kisha tunaanza kupiga nyundo tena. Magari mengi yanayokuja ni ya kubonyea tu, mtu kagongwa na bodaboda, unanyoosha, unapaka rangi, anaenda. Kazi ya namna hiyo naweza kuifanya nikiwa nasinzia.

Lakini mwaka jana mwishoni aliletwa mgeni. Ni Peugeot 404, ile ya zamani, rangi yake ilikuwa nyeupe kabla haijawa ya kutu. Lilivutwa kwa kamba kutoka Kasubi, ambako lilikaa chini ya kibanda miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe alikuwa mwanajeshi, Mwacholi, mzee Oyat. Alikwisha kufa. Mjane wake, Mama Amony, anataka gari hilo litembee tena kwa magurudumu yake mpaka Kitgum, kwenye maombi ya kumkumbuka mumewe. Watoto wake walimwambia wamkodishie gari zuri la kisasa. Akawauliza kama baba yao walimkodisha pia.

Injini haikuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa bodi. Madigadi ya mbele ya kushoto, lile bati linalofunika gurudumu, ilikuwa imeliwa na kutu hata ukiiegemea mkono unazama. Madigadi ya namna hiyo haiuzwi tena Kampala, wala Nairobi. Ni lazima uifinyange mwenyewe kutoka bati bapa. Hajji Sadik alituangalia sote, akasema kazi hii ni ya Mkenya. Nilifurahi, sitadanganya. Mtu akishachoka miaka mingi kunyoosha vya wengine, akipewa cha kuumba anasahau mgongo kidogo.

Wewe hujawahi kuona kazi hii, kwa hiyo nikueleze. Nilichukua umbo la madigadi ya kulia, iliyokuwa bado na afya, nikalikata kwenye karatasi ngumu, nikaligeuza liwe la kushoto. Nikatengeneza fremu ya mbao ya kupimia. Kisha nikakata bati vipande, maana madigadi ile ina mgongo, ina tumbo, na mbele ina shimo la taa lililopinda kama jicho. Haitoki kwenye kipande kimoja. Unalaza bati juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, unalipiga kwa nyundo ya mti, polepole, kwa mzunguko, na bati linaanza kushuka katikati kama bakuli. Likigoma unalipa moto mpaka liwe jekundu, unaliacha lipoe, linalainika. Baadaye unashika chuma kizito kwa ndani, unapiga kwa nyundo ya chuma kwa nje, unalainisha yale mawimbi.

Na macho hayakusaidii sana. Macho yanadanganywa na mwanga. Kazi hii ni ya kiganja na sikio. Kiganja unakipitisha juu ya bati kama unampapasa ng'ombe, unajua hapa pako juu, hapa pako chini. Na sikio ndilo linalokuambia uache. Bati ambalo bado lina nafasi linalia kwa uvivu, sauti nzito. Likifika mahali pake linakaza, sauti inakuwa fupi na kavu. Hapo ndipo unapoweka nyundo chini. Ukiendelea unalitanua, linakonda, linakosa nguvu, na bati lililotanuka kupita kiasi ni kama mtu aliyekasirika: ukilibonyeza huku linatokea kule.

Mama Amony alikuwa anakuja karibu kila siku. Anatoka Kasubi na kiti chake cha plastiki, anakaa mlangoni, anasuka vikapu, anatuangalia. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, na Kiswahili chake ni kile cha kambini. Vijana wa gereji walimwogopa. Mmoja akichelewa, mama anamuuliza kama usiku alikuwa lindo. Mimi alinitania kwa sababu ni Mkenya. Alisema Wakenya tunapenda haraka, na kwamba gari la mzee wake si chapati. Nilikuwa nacheka. Wengine wakicheka, mimi nacheka.

Sasa nifike kwenye ile madigadi. Ilikuwa imekaribia kwisha. Vipande vyote nilikuwa nimevichomelea, nimepiga mshono ukapotea, umbo limekaa juu ya fremu bila kucheza. Ilibaki sehemu ndogo tu karibu na taa. Siku hiyo nilikuwa nimechoka sana. Nikapiga. Kiganja kiliniambia bado kidogo, nikapiga tena. Nikapiga na kupiga. Nilipoinua kichwa, gereji nzima ilikuwa imesimama. Welda ameondoa miwani yake. Wote wananitazama, na Hajji Sadik yuko nyuma yangu, uso umevimba, mdomo unakwenda.

Bati lilikuwa limekonda kama karatasi ya sigara na limepasuka kwenye pembe ya jicho la taa. Ufa umeingia ndani ukazidi upana wa kiganja. Kazi ya wiki nyingi.

Baadaye waliniambia Hajji alikuwa ameniita mara nyingi. Alisimama nyuma yangu akapaza sauti niache, kwamba chuma kinalia vibaya, hata muuza chai ng'ambo ya mtaro alisikia. Mimi naendelea tu kupiga. Aliona namdharau mbele ya watu. Akasema, na hili nililiona vizuri kwa sababu nilikuwa nimeshageuka, "Mukenya huyu naringa sana. Najiona yeye ni bosi. Basi aende kwao akaringe." Vijana wakacheka. Mmoja akasema labda napiga bati nikimkumbuka mama mkwe. Nilivua aproni nikaiweka juu ya boneti.

Mama Amony akainuka kutoka kwenye kiti chake. Nilidhani na yeye anakuja kunilaumu, na ilikuwa haki yake, gari ni lake. Alinipita. Akaenda mpaka nyuma yangu kabisa, ambako sikumwona. Nikaona tu Hajji Sadik na vijana wanamtazama, kisha wananitazama mimi, kisha wanamtazama yeye tena. Kicheko kikawatoka usoni mmoja mmoja. Kumbe alikuwa amechukua sufuria tunayochotea matope na ile nyundo kubwa, anaipiga karibu na kisogo changu. Mimi nimesimama tu, naangalia aproni yangu.

Akazunguka akaja mbele yangu. Alinishika kidevu kama mtoto, ili nimtazame, akasema polepole, "Fundi, wewe hapana sikia."

Odera, ndugu yangu. Ndilo hilo. Mimi sisikii.

Si kwamba sisikii hata kidogo. Sikio la kulia bado linapata kitu mtu akikaribia na akisema nikimtazama mdomo. La kushoto limekufa. Haikuja siku moja. Kwanza ilikuwa kengele ndogo ndani ya kichwa baada ya kazi, ikawa haiondoki, kisha sauti za watu zikaanza kuja kama zinatoka chini ya blanketi. Nyundo ndizo zilizokula. Celestine anajua, kwa sababu huwezi kumficha mtu mnayelala kitanda kimoja. Yeye amekuwa ananirudia maneno ya watu akijifanya ananitania. Hajji Sadik hakujua. Niliogopa akijua atanitoa, kwa sababu nimekuambia kazi hii ni ya sikio. Nilikuwa namalizia kwa kiganja peke yake na kwa kubahatisha.

Kwa hiyo simu zako sikuzikata kwa kiburi. Simu inatetemeka mfukoni, naona jina lako, naishika, naiweka sikioni, nasikia kama mchanga unamwagika. Nasema haloo haloo. Najua uko upande wa pili na unazungumza. Nakata kabla hujagundua. Baadaye nikaacha kushika kabisa.

Na kuna lile la matanga ya baba. Unakumbuka siku ile baba mdogo Olal aliposimama mbele ya wazee wote, akaniuliza jambo, na mimi nikakaa kimya. Kisha nikaona baba mdogo ametikisa kichwa na kukaa, na wewe umeondoka ukaenda nyuma ya nyumba. Sikujua nimeulizwa nini. Niliona ni maneno ya shukrani tu kwa wageni. Tulipokuwa tumevuka mpaka tunarudi, ndipo Celestine aliponiambia, akilia kwa hasira, kwamba niliulizwa mbele ya ukoo kama mwaka huo nitatoka kwenye boma la baba nimfungulie ndugu yangu njia, na kwamba kimya changu kilikuwa jibu la kukataa. Ningeweza kurudi kesho yake. Ningeweza kuandika barua hii wakati ule. Nilifikiri: heri waseme Ogutu ana roho mbaya, kuliko waseme Ogutu ni kiziwi. Mtu mwenye roho mbaya anaogopwa. Kiziwi anachekwa, na watoto wanamwigiza. Wewe mwenyewe unakumbuka tulivyokuwa tunamfanyia yule mwashi kiziwi wa kijijini.

Sasa umeelewa kwa nini sikuja kujenga. Nyumba ya kufungulia boma si kubwa, inasimama kwa siku moja, na tunalala ndani siku hiyohiyo. Kijana wangu yuko tayari kubeba shoka na jogoo, kama mila inavyotaka. Celestine yuko tayari kubeba moto. Ni mimi. Asubuhi ile baba mdogo ataniongoza kwa maneno, ananiambia simama hapa, chimba hapa, na watu wote wanasikiliza nikijibu. Niliogopa kushindwa mbele yao siku ambayo mtu anatakiwa awe mwenye nyumba.

Mama Amony aliniambia habari za mumewe, tukiwa tumekaa kwenye tairi na chai. Mizinga ilimla masikio akiwa bado kijana, naye akaficha. Jeshini walidhani ni mkali, hataki kusalimiwa, wakamheshimu kwa hilo. Lakini huko kwao Kitgum walisema amekuwa mtu wa Kampala, anadharau ndugu. Alikuwa na kaka yake, Opoka, aliyekuja Kasubi akabisha mlango akaondoka, mara nyingi, na mzee Oyat yuko ndani peke yake. Opoka alikufa akiamini amefungiwa mlango. Mama alisema mumewe alilijua hilo baadaye, na kwamba tangu siku hiyo alikuwa anakaa nje, hata kwenye mvua, asimkose mgeni. Hakuniambia nifanye nini. Alimaliza chai yake, akamgeukia Hajji Sadik, akamwambia madigadi itafanywa upya na fundi yuleyule, ila sikio litakuwa la kwake.

Tulifanya hivyo kweli. Nilikata bati jipya. Mama Amony alihamisha kiti kutoka mlangoni akakiweka mbele yangu, mahali ninapomwona nikiinua macho. Mimi napiga, yeye anasikiliza. Amekaa gereji muda mrefu kiasi cha kuijua sauti ya bati kama mtu anavyojua sauti ya mtoto wake. Likifika mahali pake anainua ule ukili anaosuka, naacha. Nikihama sehemu anaushusha, naendelea. Mwanzo vijana walicheka, wakasema Mkenya sasa ana kamanda. Kisha wakazoea. Siku moja mama alikuwa na homa, hakuja, na welda akaacha kazi yake akaja kuinua mkono badala yake, bila kuombwa. Hajji Sadik hajanitoa. Amesema kazi za kuumba nitafanya kukiwa na mtu wa kusikiliza, na nyingine nitanyoosha tu. Kila mara anapopita nyuma yangu sasa ananigonga begani kwanza. Nimeaibika, na pia nimepumzika. Sikujua kuficha kunachosha kuliko nyundo.

Madigadi ya kushoto imekwisha. Imekaa juu ya gari, imepakwa rangi ya kwanza. Si sawasawa kabisa na ya kulia. Anayejua kutazama ataona jicho la taa limelegea kidogo. Mama ameiona, akasema mzee naye alikuwa na jicho hivyo.

Awiti bado hajui. Amekuwa analalamika kwamba nimekuwa mzungu, siitikii salamu asubuhi. Sikumwambia kwa sababu niliyemkosea zaidi ni wewe, na nilitaka wewe usikie kabla ya mtu yeyote wa kwetu. Ukishasomewa, mwambie yeye na mwambie baba mdogo Olal. Mwambie mbele ya wazee walewale kama wapo, ili lile jibu la kimya lifutwe mahali lilipotolewa. Wakicheka, waache wacheke mapema, wawe wameshiba tutakapofika.

Tunakuja baada ya Pasaka, mimi, Celestine na kijana. Usiniruke. Hakuna haja ya chira kumtafuta mtu. Muombe baba mdogo achague asubuhi, na asimame mbele yangu anapoongea, si ubavuni. Akitaka nichimbe, aonyeshe kwa fimbo. Tutajenga siku ile, tutalala ndani, na baada ya hapo njia ni yako. Nakhisa anaweza kuanza kufikiria jiko lake litatazama upande gani. Mimi sitakaa sana. Nitarudi huku, kwa sababu ndiko kazi iliko. Lakini nitakuwa nimetoka.

Celestine anawasalimu, anasema Nakhisa amwekee mboga za kienyeji, amechoka na matoke. Msalimie baba mdogo, msalimie kijana wako na umwambie asiende kwa wakwe bila mimi. Wasalimie majirani wote wanaouliza habari zangu, na wale wasiouliza pia.

Ukija stendi kutupokea, usiniite kwa nyuma. Pita mbele nikuone uso. Yale yote uliyokuwa umeniwekea moyoni miaka hii, niambie hapohapo. Hata kama ni matusi, yaseme polepole, niyapate yote.

Mimi kaka yako,
Ogutu